Serikali Moja, Salamu Hakuna

Chini ya dirisha la duka langu la dawa, hapa Tumbe, pale njia ya lami inapoachana na ile ya kuteremkia diko la samaki, pana benchi refu lenye kidato katikati. Kusema kweli ni mabenchi mawili yaliyopigwa misumari pamoja, moja la juu, moja la chini. Zamani moja lilikuwa upande huu wa njia na jengine upande ule. Huku walikaa watu wa chama cha huku, kule watu wa chama cha kule, na kila benchi na dele lake la kahawa. Ilipoundwa serikali ya umoja wa kitaifa, wazee wakasema haiwezekani wakubwa wakae meza moja kule Unguja na siye tukae njia mbili. Wakaleta fundi. Fundi akasema miguu ya hili ni mirefu, nipeni msumeno. Wenye benchi refu wakakataa kukatwa. Wenye benchi fupi wakakataa kuongezwa, wakasema hiyo itakuwa kufadhiliwa. Basi yakaungwa vivyo hivyo, na mpaka leo ukiweka kikombe pale kwenye kiungo kinamwagika.

Mwenyekiti wa benchi ni Mzee Kificho, mstaafu wa bandarini, wa chama cha huku. Makamo wake ni Mzee Othman, mwenye mikarafuu na mdomo, wa chama cha kule. Mwenyekiti hufungua mada, Makamo huifunga. Juu ya kiungo, katikati yao, hukaa Masoud, jina lake la baraza Satelaiti, kwa sababu dishi la televisheni yake ni kubwa kuliko jiko la mkewe. Masoud hana cheo, lakini bila yeye serikali hii haisogei, maana Mwenyekiti na Makamo hawasemezani. Kila mmoja humwambia Masoud, naye Masoud humwambia mwengine, ingawa wamekaa bega kwa bega na mwengine keshasikia.

Siku hiyo palikuwa na jambo la ziada. Ndani ya duka, nyuma ya kaunta, alikuwepo Rahma, binti wa Mzee Othman, ambaye hunisaidia kazi. Ashraf, mtoto wa Mzee Kificho, alikuwa amepeleka mshenga. Mzee Othman alijibu kwamba hakatai, ila baba wa mume aje mwenyewe, kwa miguu yake, aseme kwa mdomo wake. Mzee Kificho akajibu kwamba hawezi kuingia nyumba ya mtu asiyesemezana naye, wasemezane kwanza. Majibu yote mawili yalipita kwa Masoud. Ashraf kapata kazi Maskati, anaondoka baada ya Iddi, na Rahma alikuwa ameshaacha kula chakula cha mchana. Huko nje, baraza lilikuwa limeshughulika na Palestina.

— Kuna profesa jana, alianza Masoud, kaeleza kwa kirefu. Kasema mambo ya dola mbili yameshindikana, vita haviishi, basi dawa ni serikali ya pamoja. Nchi moja, Mpalestina na Muisraeli wote ndani, wagawane.

— Wagawane nini? aliuliza Mwalimu Khatib. Khatib alisomesha jografia mpaka akastaafu, na hapa tunamwita Ramani.

— Madaraka. Rais huku, makamo kule.

— Hilo si jipya, alisema Mzee Kificho. Hilo nililifanya hapa zamani, kwenye benchi langu.

— Masoud, mwambie Mwenyekiti, benchi letu.

— Anasema benchi letu.

— Mwambie nimesikia. Na mwambie jambo lenyewe halina mlolongo. Rais mmoja, makamo mmoja, mawaziri nusu kwa nusu. Basi, vita vimekwisha.

— Anasema rais mmoja, makamo…

— Miye si kiziwi, yakhe. Mwulize, kazi ya makamo n'nini?

— Anauliza kazi ya makamo n'nini.

— Mwambie kumsaidia rais.

— Kumsaidia kufanya nini?

Mzee Kificho alifikiri.

— Kumsaidia, alisema. Na gari anapewa.

— Aaa, gari! Mwambie basi hawa Wapalestina wote waliokufa walikuwa wanatafuta gari.

Masoud hakulifikisha hilo. Ana hiari ya kuacha baadhi ya maneno yapotee njiani, na nadhani ndiyo maana serikali hii imedumu.

— Tatizo lenu mnagawa vyeo hata nchi hamjaitazama, alisema Khatib. Gaza yenyewe haifiki nusu ya Pemba hii. Na watu wake karibu mara nne yetu. Hebu wajazeni watu wote hao kutoka hapa mpaka Chake, muwazungushie ukuta, muwafungie maji, ndipo mnambie nani apewe gari.

Mjaka, muuza kahawa, akaona ndiyo nafasi ya kujaza vikombe.

— Na jeshi? alisema Mzee Othman. Mwulize, katika kugawana huko, jeshi na polisi anachukua nani?

— Mwambie jeshi ni la wote.

— Mwambie hilo la wote lilipokuja Tumbe, miye nilikimbia nikalala Shimoni, Kenya, nchi ya watu.

Masoud alikunywa kahawa yake kwa muda mrefu kuliko kahawa yenyewe ilivyokuwa. Hilo nalo likapotea njiani.

Khatib, ambaye hakuna kimya kinachomtisha, akasogeza kofia nyuma.

— Sikilizeni. Wasigawane vyeo. Wagawane siku. Ijumaa Waislamu wako msikitini, basi Ijumaa watawale Mayahudi. Jumamosi Mayahudi wenye dini yao hawagusi hata swichi ya taa, basi Jumamosi watawale Wapalestina. Serikali haipumziki na hakuna anayekosa ibada.

— Na Jumapili? aliuliza Mjaka.

— Kuna Wakristo kule, Bethlehemu na penginepo. Jumapili wao wako kanisani, basi hao wengine wawili watawale pamoja, kwa majaribio.

— Na Jumatatu mpaka Alhamisi?

Khatib alitazama juu, kisha akatazama chini.

— Hizo siku za kazi, alisema. Watu wana shughuli zao. Serikali haihitajiki sana.

— Miye nasema wachukue masheha kutoka hapa, alisema Mjaka, akiliweka dele chini. Sheha wa Pemba ndiye serikali ya mtaa, anajua nani kalala wapi, nani kapika nini, nani kahama chama jana magharibi. Mpeni mtaa mmoja tu pale Kudsi, Yerusalemu hiyo, muone kama kuna mtu atarusha jiwe na jina lake lisijulikane.

— Mwambie Mjaka, alisema Mzee Othman, ambaye yeye na Mjaka husemezana vizuri tu, ila mazoea yalikuwa yameshamshika. Mwambie masheha wetu wakifika kule Mpalestina ataambiwa si mkaazi, kitambulisho hapati.

— Hilo anaambiwa tayari, alisema Khatib.

— Basi masheha wetu washafika.

Mzee Kificho aligonga benchi kwa kidole cha pete, jambo ambalo kikatiba ni haki ya Mwenyekiti peke yake.

— Tusitoke nje ya mada. Masoud, mwambie Makamo asigeuze Palestina kuwa mambo ya vitambulisho vya Tumbe.

— Anasema usigeuze…

— Nimesikia.

— Lakini nanyi, alisema Mjaka, msiibeze sana hii serikali ya pamoja. Nyote mnasahau. Kabla ya benchi hili nilikuwa nabeba madele mawili. Moja la huku, moja la kule. Kahawa ile ile, maji ya kisima kile kile, na mtu wa kule akipewa kikombe cha huku anakirudisha kama kina nzi. Watu walikuwa hawazikani. Duka lilisusiwa mpaka mchele ukaota wadudu ndani. Mgonjwa anapitishwa kwa baiskeli mbele ya nyumba ya mwenye gari, na mwenye gari anatazama. Leo nabeba dele moja. Hiyo si kitu?

— Ni kitu, alisema Mzee Kificho.

— Ni kitu, alisema Mzee Othman.

Masoud aligeuka huku, akageuka kule. Walikuwa wamekubaliana bila ya kupitia kwake, tena kwa maneno yale yale. Wazee wote wawili walionekana kama watu waliokutwa wamevaa viatu vya mwengine. Mzee Othman akatema mate pembeni, Mzee Kificho akaangalia saa.

Miye nilikuwa dirishani, napanga chupa za dawa ya kikohozi. Nilikuwa nimeapa kutosema neno.

— Na mtu aliyezika watoto wake wiki iliyopita, nilisema, huyo mtamwambia akae kiti gani katika serikali hiyo?

Vichwa vyote vikainuka.

— Daktari, alisema Mzee Kificho kwa upole wa mwenyekiti, mada ya leo ni ya kisiasa.

Miye si daktari, ni mfamasia, lakini nimechoka kuwasahihisha. Nikarudi kwenye dawa ya kikohozi. Nyuma yangu Rahma alikuwa akihesabu vidonge vya presha na kuvitia katika vibahasha, bila ya kuinua uso.

— Suali la Daktari si baya, alisema Khatib, na jawabu ninalo. Miye siku zote nimesema, serikali ya makaratasi haitoshi. Waoane.

— Nani? aliuliza Mjaka.

— Wao. Ipite sheria. Kila waziri wa huku aoze mtoto kwa waziri wa kule, na hakuna kuapishwa mpaka harusi iishe. Serikali ya wakwe! Nambieni, unapiga bomu vipi nyumba anamolala mjukuu wako? Rubani akipewa amri, anauliza kwanza, hii nyumba ya mkwe wa nani?

Khatib hakukusudia lolote. Ni mtu anayeweza kukutajia mji mkuu wa kila nchi na asijue kinachoendelea nyumba ya pili. Lakini Mjaka alijikohoza, Masoud akainama kutafuta kiatu alichokuwa amekivaa, na nyuma yangu Rahma akasita, akavimimina vidonge vyote tena chupani, akaanza kuhesabu upya.

Mzee Othman alichukua muda kuweka kikombe chake mahali ambapo hakitamwagika.

— Masoud. Mwulize Mwenyekiti. Hao wakwe wa Kudsi. Baba wa mume inampasa aende mwenyewe kwa baba wa mke, au anatuma watu?

— Anauliza…

— Mwambie kwenda ni desturi. Lakini mwulize, huyo baba wa mume atakwendaje kwa mtu ambaye yeye alipofiwa na mama yake hakumwona hata mlangoni?

— Mwambie huyo mwengine hakwenda kwa sababu hakujua kama angepokewa.

— Mwambie jeneza lilipita mbele ya nyumba yake na dirisha lilikuwa wazi.

— Haya ni ya Kudsi? aliuliza Khatib.

— Ya Kudsi, alisema Mzee Kificho.

— Mwambie, alisema Mzee Othman, inategemea huyo Muisraeli siku za nyuma alikuwa…

— Ngoja. Mwulize, nani kasema miye ndiye Muisraeli?

— Hakuna aliyekutaja weye, Mwenyekiti, alisema Masoud. Tunazungumza mfano.

— Mwambie kama ni mfano, basi kama kuna Mpalestina katika benchi hili, ni miye. Aliyefiwa ni miye.

— Mwambie aliyeacha nyumba yake akapanda boti na watoto ni miye! Haiwezekani mtu abaki kwake, alale kitanda chake, ale muhogo wake, halafu ajifanye Mpalestina.

— Mwambie muhogo wenyewe niliula kwa hofu.

— Mwambie hofu aliyokuwa nayo…

— Lakini wazee, alisema Masoud, na kwa miaka yote ya benchi hili nadhani hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusema neno lake mwenyewe. Haiwezekani wote wawili mkawa Wapalestina. Lazima mmoja wenu akubali kuwa…

Wazee wote wawili walimgeukia.

— Mjaka, alisema Masoud, nitilie kahawa.

Ndipo alipotokea Abdulsamad. Ni mnunuzi wa samaki wa Makangale, na gari yake ya samaki ilikuwa imepata pancha hapo njia panda. Alikuwa amemwacha fundi anahangaika na tairi, naye anatafuta pa kukaa. Tumbe huja asubuhi, hupakia, hupotea, kwa hiyo habari za benchi letu alikuwa hazijui.

— Assalaam alaykum.

— Waalaykum salaam, baraza lilimjibu.

Alikaa mwisho wa upande wa chini, akapewa kikombe, akauliza wenyeji wanazungumza nini. Khatib akamweleza. Akamweleza rais na makamo, mawaziri nusu kwa nusu, Ijumaa na Jumamosi, Jumapili ya majaribio, masheha na wakwe. Abdulsamad alisikiliza yote kwa adabu, kama mtu anayesikiliza bei ambayo hana nia ya kuilipa.

— Nimefahamu, alisema. Nina suali dogo. Huyo rais na huyo makamo, asubuhi wakikutana kazini, nani anamwanza mwenziwe kwa salamu?

Mjaka alicheka peke yake, akaacha.

— Hilo ni jepesi, alisema Khatib. Anayetembea anamsalimu aliyekaa. Mdogo anamsalimu mkubwa. Wachache wanawasalimu wengi.

— Wao wote wanatembea, alisema Abdulsamad. Umri wao mmoja. Na ni mmoja kwa mmoja.

Khatib alifungua mdomo. Nimemjua Mwalimu Khatib tangu nilipokuwa mtoto wa skuli, na mpaka siku hiyo sikuwahi kumwona akiufunga bila ya kuutumia.

Inafaa nieleze jambo ambalo nimelitazama kutoka dirishani kwangu muda mrefu. Mzee Kificho na Mzee Othman hawajaacha salamu. Kila mmoja akija hulisalimu baraza zima, na kwa mujibu wa dini, akijibu mmoja katika waliokaa, wote wamesalimika. Basi Mzee Othman akija hujibiwa na Masoud, Mzee Kificho akija hujibiwa na Khatib. Kila siku watu hawa wawili hutoa salamu na kupokea jawabu, hakuna sheria waliyoivunja, na hawajawahi kusalimiana. Nimesoma vitabu vingi juu ya mikataba ya amani, na sijaona uliotungwa vizuri kuliko huo.

— Haya, alisema Abdulsamad, akiona kawatia watu tabu. Tuseme mmoja wao kaanza. Kasema Assalaam alaykum. Asipojibiwa je?

— Hilo lishatokea, alisema Mzee Othman.

Hakusema mwambie.

— Nimetoka Shimoni, nimeshuka na mkoba mmoja. Nimepita mbele ya nyumba ya mtu ninayemjua tangu tunacheza mchangani uchi. Kakaa nje na wenziwe. Nikasema, akili yangu inanambia, Othman, anza weye, yameshapita. Nikasema Assalaam alaykum. Nikasimama. Nikasimama tena. Hakujibu hata mmoja.

— Huko Kudsi? aliuliza Abdulsamad.

Mzee Kificho alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake, ambamo hamkuwa na kitu.

— Nilikuwa na watu, alisema.

Naye hakumtaka Masoud amwambie mtu yeyote.

— Nilikuona una watu, alisema Mzee Othman, akiitazama njia. Wako wapi leo?

Mzee Kificho aliyatazama mapaja yake, akayafuta vumbi ambalo halikuwepo. Wengine wamekufa, mmoja kahamia Dar, mmoja siku hizi ni wa chama cha kule na hukaa baraza jengine. Baraza zima lilijua.

Mjaka akaliinamisha dele, akalitikisa. Zilitoka chicha.

— Kahawa imekwisha, alisema, akakusanya vikombe hata vile ambavyo bado vilikuwa mikononi mwa watu. Fundi akapiga kelele kutoka njia panda kwamba tairi liko tayari, na Abdulsamad akaaga kwa haraka, akiomba radhi kwa kitu asichokijua. Khatib akakumbuka kwamba ana mbuzi. Masoud akainuka kutoka kwenye kiungo, akishikilia kiuno.

— Taarifa ya habari, alisema.

— Masoud, kaa, walisema wazee wote wawili.

— Narudi.

Hakurudi.

Wakabaki wawili, mmoja juu, mmoja chini, na nafasi ya mtu mmoja katikati. Nikafahamu kilichowafunga pale kabla wao hawajakifahamu. Anayeondoka barazani huaga kwa salamu kama alivyokuja. Leo akiondoka mmoja, aliyebaki ni mmoja tu, na hakuna wa kumjibia. Basi hakuinuka Mzee Kificho, wala hakuinuka Mzee Othman. Walikaa wakitazama njia. Ilipita baiskeli ya samaki, ikapita nyengine. Ng'ombe wa mtu alikuja akasimama mbele yao, akaona hana la kufanya, akaenda zake. Nilianza kufunga madirisha, na nilianzia yale ya upande wa mbali.

Rahma akachukua mkoba wake. Alitoka mlangoni, akazunguka, akasimama mbele ya benchi. Kwa adabu zetu mtoto wa kike hupita upesi mbele ya baraza la wanaume, macho chini. Yeye alisimama.

— Assalaam alaykum.

— Waalaykum salaam, walijibu wote wawili kwa pamoja, maana hapakuwa na mwengine wa kujibu.

— Baba, alisema, miye nshachoka.

— Kazi nyingi leo? aliuliza Mzee Othman.

— La.

Akashika njia ya kwao. Hakugeuka. Mzee Othman alimfuata kwa macho mpaka alipokata kona ya ukuta wa msikiti, na hata alipokwisha kukata kona aliendelea kuutazama ukuta.

Kisha akaweka mkono juu ya goti, akainuka. Kutoka benchi la chini kuinuka ni kazi. Akakung'uta kanzu nyuma, akavaa viatu, kimoja kwanza, halafu kimoja. Akasimama na mgongo wake kuelekea benchi, kama mtu anayesubiri gari.

— Assalaam alaykum, alisema.

Alisema kuiambia njia. Alisema kama anavyosema kila siku, salamu ya baraza zima, na katika baraza zima palikuwa na mtu mmoja.

Nilikuwa nimeshika ubao wa dirisha la mwisho na sikuuvuta. Mzee Kificho alitazama kulia kwake, ambako kwa kawaida hukaa Khatib. Akatazama kushoto kwake, penye kiungo. Mzee Othman hakuondoka. Alisimama, kisha akasimama tena.

— Waalaykum salaam, alisema Mzee Kificho. Warahmatullahi. Wabarakatuh.

Mzee Othman aliitikia kwa kichwa, bado kaligeuzia benchi mgongo, akapiga hatua.

— Na mwambie, alisema Mzee Kificho.

Mzee Othman akasimama.

— Mwambie Makamo. Ijumaa, baada ya sala. Ntakuja kwake mwenyewe. Kwa miguu.

Mzee Othman alifikiri kidogo, kama mjumbe anayetaka kuhakikisha kwamba hatasahau neno hata moja.

— Ntamwambia, alisema.